Masikio ya Bi Subiri

Kuna watu wamejaliwa macho, wengine wamejaliwa miguu ya kukimbilia mipira. Bi Subiri alijaliwa masikio, na si haya unayotembea nayo wewe, ya kutundikia miwani. Akiwa sebuleni alisikia maji ya chai yakianza kufikiria kuchemka jikoni. Mgeni akiwa bado hajagusa geti, Bi Subiri ameshajua ni nani, ana haraka au hana, na viatu vyake vinahitaji soli.

Kazi ndiyo iliyoyanoa. Miaka ishirini na sita alikaa mbele ya swichibodi ya hospitali kuu, enzi zile simu ya kutoka nje ni lazima ipite mikononi mwa opereta, naye achomeke waya kwenye tundu la mtu anayetafutwa. "Subiri kidogo, nakuunganisha." Aliyasema maneno hayo mara nyingi mno, mpaka jina lake la kuzaliwa likastaafu kabla ya yeye mwenyewe.

Sasa opereta mwenye tabia mbovu angeweza kubaki kwenye laini akajisikilizia ya watu. Nani angejua? Bi Subiri alikuwa na sheria moja: akishasikia haloo mbili, ya huku na ya kule, anatoka. Siri za nusu ya mji zilipita katikati ya vidole vyake na hakuna hata moja iliyobaki kwenye kucha. Wenzake walimtania kwamba ukimwambia bei ya nyanya, hata hiyo ataificha.

Mtu wa namna hiyo, mwanawe akamletea TV.

Mwana huyo, kifungua mimba, nyumbani aliitwa Meneja, kwa kuwa tangu utotoni alikuwa hodari wa kugawa kazi ambazo yeye hafanyi. TV yenyewe ilikuwa pana kama mlango. Alipoiwasha, ikaanza kumhoji maswali kama mtu anayeomba pasipoti, na kila swali Meneja akalijibu kwa kubonyeza "Nakubali." Masharti yake yalikuwa marefu kuliko wosia wa tajiri. Aliyamaliza kwa muda wa kupiga chafya.

"Umekubali nini?" mama mtu akauliza.

"Masharti tu, mama."

"Yanasemaje?"

"Yanasema ukikubali, inawaka."

Bi Subiri akaguna. Aliyemfahamu mguno ule angeichomoa TV siku ile ile na kuirudisha dukani.

Nyumba ile ilikuwa na watu wazima wanne: Bi Subiri, Meneja, mke wa Meneja, na Mwalimu. Mwalimu alikuwa mdogo wake Bi Subiri, tumbo moja, aliyehamia pale baada ya kufiwa na mumewe. Alifundisha darasa la kwanza kusoma, na watoto aliowafundisha zamani sasa walikuwa wanamletea watoto wao. Na hapo ndipo ushangae mambo ya Mungu: dada anasikia mchwa wakitafuna dari, mdogo wake mwaka ule alianza kutosikia kengele ya shule. Daktari hakumficha. Sikio la kushoto lilikuwa limekwenda, la kulia lilikuwa linaaga.

Mwalimu alimwambia dada yake peke yake, wamekaa jikoni wanachambua mchele.

"Muhula umebaki wiki tisa," alisema. "Nina watoto arobaini na mmoja, ndiyo kwanza wanaunganisha silabi. Nataka niwafikishe. Wakishasoma, nitakwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu nikaseme kwa mdomo wangu. Nisisemewe, dada. Nikisemewa nitaondolewa darasani kama dawati lililovunjika mguu."

"Mimi nimeshatoka kwenye laini," Bi Subiri akamjibu, na kwa anayemjua, hicho kilikuwa kiapo.

Shida ilikuwa mke wa Meneja. Alikuwa karani wa shule ile ile, ofisi yake ukuta kwa ukuta na ya mwalimu mkuu. Mwanamke mwema, mkarimu, akikupikia unasahau kwenu. Lakini siri kwake ilikuwa maji ndani ya chekecheke. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na matundu tu.

Kwa hiyo dada hao wakajipanga. Darasa la kwanza hutoka mapema, na Karani harudi mpaka saa kumi na nusu. Kila saa nane mchana walifunga mlango wa sebule wakafungua vipindi vya lugha ya alama, vya kituo kimoja kikubwa. Kwenye simu vidole vya mfundishaji vilionekana vidogo kama punje za mchele, lakini kwenye TV kila kidole kilikuwa na ukubwa wa ndizi. Bi Subiri naye alijifunza, maana lugha ya mtu mmoja ni wazimu. Mwalimu alikuwa mwepesi. Bi Subiri alikuwa mzito, na alama yake ya "asante" ilifanana na mtu anayefukuza nzi.

Wiki ya pili, wakiwa mezani wanakula chakula cha jioni, TV ikaleta picha ya mzee anayetabasamu na maandishi makubwa: JE, WAPENDWA WAKO WANALALAMIKA KWAMBA HUSIKII? Chini yake kulikuwa na mashine za kusikilizia, ndogo kama njegere.

Mwalimu akainamia sahani. Meneja akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, unaitwa."

"Naitwa na nani?"

"Unaona? Hata hilo hukulisikia."

Kesho yake yakaja mengine, kesho kutwa mengine. Na katika nyumba ile, tangazo la masikio lingemwendea nani kama si mkubwa kuliko wote? Meneja akaanza kuongea na mama yake kama anayeongea na mtu aliye ng'ambo ya mto.

"MAMA, UMEAMKAJE?"

"Nimeamka na masikio yangu yote mawili. Punguza sauti, mimi si uwanja wa mpira."

"Ndiyo dalili yenyewe," Meneja akamwambia mkewe. "Wakianza hivyo huwa wakali."

Bi Subiri alikuwa anachemka kama sufuria iliyofunikwa. Sifa ya maisha yake, kitu ambacho hospitali nzima ilimheshimu kwacho, sasa kilikuwa kichekesho cha mezani. Angetaka kunyanyuka aseme: mimi nasikia saa yako ya mkononi kutoka hapa nilipo, na inachelewa. Lakini akijitetea yeye, swali litageuka. Kama si masikio ya mama, ni ya nani? Wanawake wenye mvi mle ndani walikuwa wawili tu. Akameza.

Siku moja akamchokonoa Meneja kwa mbali. "Hivi hii TV inajuaje mtu anapenda nini?"

"Inaangalia unachoangalia, mama. Halafu inawaambia wenye biashara. Inakuhudumia."

"Nani aliiajiri?"

Meneja akacheka. Bi Subiri hakucheka. Ameishi na maopereta wabovu, anawajua kwa harufu. Kumbe walikuwa wameweka mmoja sebuleni, wanamfuta vumbi kila asubuhi.

Akatafuta dawa. Juu ya kabati kulikuwa na laptopu ya zamani ya Meneja, bawaba moja imekatika, na waya wake mnene wa kuunganishia kwenye TV. Bi Subiri akaishusha, akaipangusa, akachomeka waya mwenyewe. Picha ya laptopu ikatokea kwenye TV, safi kabisa. Hakumwita mtu. Mtu aliyechomeka nyaya elfu kwa siku aite mtu?

"Tumemaliza," akamwambia mdogo wake, akimtazama usoni ili asome midomo. "Vipindi vinatoka kwenye laptopu, TV imebaki kioo. Kioo hakina habari za mtu."

Na hapo, bibi wa watu, alikosea. Kosa lenyewe asingelifanya mtu wa kawaida, maana mtu wa kawaida asingekuwa na uhakika kiasi kile. Kwenye swichibodi tundu moja ni mazungumzo mamoja. Waya ukishaingia, laini imejaa, hakuna wa tatu. Bi Subiri akaipimia TV kipimo hicho hicho. Hakujua kwamba TV ile ilikuwa bado imejishika na intaneti ya nyumba kwa mlango wa nyuma, na kwamba picha hata itoke wapi, ikishafika kwenye kioo chake inaitazama, inaitambua, inakwenda kuisema.

Siku kumi walisoma kwa raha. Ya kumi na moja, Karani alikuwa amekaa mbele ya TV anakunja nguo, TV ikamletea: JIFUNZE LUGHA YA ALAMA, MASOMO MATATU YA KWANZA BURE.

Karani hakusema kitu pale. Alikisemea shuleni, saa ya mapumziko, akicheka, chai mkononi, walimu watatu wanasikia. "Mama mdogo, nyumbani kwetu kuna mtu anajifunza lugha ya alama?"

Mwalimu aliyasoma maneno yale kwenye midomo yake, moja moja, kama mtoto anayeunganisha silabi.

Mchana ule alirudi nyumbani, akapita sebuleni bila kukaa. Bi Subiri alikuwa tayari na laptopu.

"Tulikuwa wawili, dada," Mwalimu akasema.

"Mdogo wangu, kaa kwanza."

"Wawili tu. Mimi sikusema."

"Na mimi sikusema."

"Basi kasema ukuta." Akaingia chumbani, akafunga mlango. Kwa mara ya kwanza Bi Subiri akaona faida ya kutosikia: mtu anaweza kugonga mlango wako mpaka mkono umvimbe.

Siku nne hapakuwa na masomo. Mwalimu alimsalimia dada yake kama mtu anayemsalimia konda. Tuseme ukweli, Bi Subiri alilia, akiwa amefungulia bomba la jikoni ili Meneja asisikie, halafu akakumbuka kwamba katika nyumba ile wanaosikia kitu hasa ni yeye na ile TV. Miaka ishirini na sita hajawahi kutoboa siri ya mtu baki, leo mdogo wake wa damu anamwona domo kaya.

Bomba likiwa bado linamwagika, akakumbuka viatu.

Zamani, kwenye swichibodi, maneno ya wakubwa yalikuwa yanavuja. Msimamizi hakumuuliza mtu. Alipiga simu kupitia opereta mmoja mmoja, na kila mmoja alipewa uongo wake. Kwa mmoja wao msimamizi alisema kwamba Ijumaa watumishi wenye mguu wa saizi saba watapewa viatu. Kabla ya saa sita watu kumi na wanne walikuwa mlangoni mwa stoo, na mmoja wao alikuwa amekunja vidole ndani ya ndala ili mguu ufike saba. Opereta mbovu akajulikana. Ukitaka kumkamata mwizi wa maneno, mwachie neno la kuiba.

Kesho yake Bi Subiri akaenda mtaa wa pili kwa bwana mifugo, akaazima flashi yenye kipindi maarufu cha ufugaji wa bata mzinga. Nyumbani kwake hapajawahi kufugwa hata kuku wa kuchora. Akaandika karatasi kwa herufi kubwa, akaipitisha chini ya mlango wa Mwalimu: "Njoo ukae dakika tano. Usiongee. Ushuhudie tu."

Mwalimu akaja, amenuna. Bi Subiri akamwonyesha kwamba laptopu haina intaneti, ameizima. Akamwonyesha flashi. Akachomeka. Bata mzinga wakajaa kioo kizima, wanatikisa shingo. Siku tatu, mchana, dada wawili waliosusiana walikaa wakatazama magonjwa ya bata mzinga, chanjo za bata mzinga, na jike la bata mzinga lililokataa kuatamia. Hakuna aliyecheka, ingawa lile jike lilifanana sana na shangazi yao.

Jioni ya nne wakiwa mezani, TV ikasema: VIFARANGA VYA BATA MZINGA, TUNAKULETEA MPAKA MLANGONI.

"Bata mzinga?" Karani akashangaa. "Nani hapa anataka bata mzinga?"

"Labda mama," Meneja akasema. "MAMA, UNATAKA BATA?"

Bi Subiri alikuwa na kazi nyingine. Alikuwa anamwangalia mdogo wake. Mwalimu alisoma tangazo mara mbili. Kisha, mkono ukiwa chini kidogo ya meza, akafanya alama ya "nisamehe." Bi Subiri akamjibu "asante" yake ile ya kufukuza nzi. Ilikuwa si jibu sahihi, lakini ndilo alilokuwa nalo.

Ingeishia hapo tungekula tukalala. Lakini Karani alikuwa amekumbuka jambo.

"Afadhali hao bata," akasema. "Wiki iliyopita ilinionyesha lugha ya alama. Na leo mwalimu mkuu ameniuliza, mama mdogo, kama najua kuna mtu nyumbani ana tatizo la kusikia, maana walimu wanasema. Nikamwambia nitauliza. Ni nani anajifunza?"

Kijiko cha Mwalimu kikasimama njiani. Wiki zilikuwa zimebaki nne. Bi Subiri aliona mdomo wa mdogo wake unafunguka, akajua anakwenda kusema, pale, kwa kusukumwa, kama mtu anayetolewa mlangoni kwa nguvu. Akamkanyaga mguu chini ya meza.

"Mimi," Bi Subiri akasema.

Meneja akageuka.

"Masikio yangu yanakufa. Nimemwomba mdogo wangu anifundishe alama kabla hayajaisha. Mwambie mwalimu mkuu hivyo. Sasa nipisheni nile."

Hakuna ajuaye neno lile lilimgharimu nini isipokuwa mtu ambaye ana kitu kimoja tu cha kujivunia akakitupa kwenye sahani mbele ya mwanawe. Meneja hakucheka tena. Akavuta kiti karibu.

"MAMA, KWA NINI HUKUTUAMBIA?"

"Kwa sababu ya hilo," akainyooshea TV kidole. "Linanitangaza. Wageni wakija, linawaambia habari za masikio yangu. Mtu hawezi kuugua kwa heshima ndani ya nyumba yake? Likateni kwenye intaneti libaki kioo. Vipindi tutaleta na laptopu."

"Na mpira wangu, mama?"

"Laptopu nayo inaonyesha mpira. Au mpira unahitaji masikio yangu?"

Angeomba hivyo mwezi mmoja nyuma angeambiwa amezeeka. Sasa, kiziwi wa kujitakia, alipewa saa hiyo hiyo. Meneja aliirudisha TV kama ilivyotoka dukani, na ilipoanza maswali yake, mama yake alisimama nyuma ya bega lake akasoma kila neno. Kwenye intaneti, ruka. Kwenye masharti ya kutazama, sikubali. TV ikauliza tena kwa maneno matamu. Sikubali. Ikauliza mara ya tatu. Bi Subiri akasema amewahi kuposwa na mtu wa namna hii.

Lakini Meneja alikuwa Meneja. Jumamosi laptopu ikagandaganda, akairudisha TV kwenye intaneti kwa siri, akabonyeza "Nakubali" kama kawaida yake, aangalie kipindi cha pili cha mpira. Siku tatu baadaye matangazo ya masikio yakarudi kwenye kioo. Bi Subiri hakugomba. Alimtafuta fundi wa intaneti, akabadilishiwa paswadi ya kile kiboksi cha taa za kijani, na paswadi mpya hakumwambia mtu. Anayetaka intaneti alete simu yake, aiweke mkononi mwa Bi Subiri, ageukie ukuta.

"Mama, mimi nina kazi za ofisi," Meneja alilalamika, amepanga foleni nyuma ya mkewe.

"Subiri kidogo," mama yake akasema. "Nakuunganisha."

Wiki nne zile zilikuwa ndefu. Alipigiwa kelele asubuhi, mchana na jioni. Majirani walimpungia mikono kama wanaelekeza lori kurudi nyuma. Waliongea habari zake mbele yake, naye anasikia kila herufi, anatazama mbele kama gogo. Alijua sasa nani alimpenda na nani alipenda mboga zake. Mara kadhaa alikaribia kupasuka. Alipokaribia, alimtazama Mwalimu akisahihisha madaftari, akameza tena.

Siku ya mwisho ya muhula watoto arobaini na mmoja walisimama mmoja mmoja, uso kwa uso na mwalimu wao, wakamsomea ukurasa. Aliwafuata kwa midomo. Mmoja aliruka mstari, akamrudisha. Alipomaliza na wa mwisho, akaenda ofisini, akampita Karani, akafunga mlango, akasema kwa mdomo wake. Mwalimu mkuu akamuuliza mwakani angependa kupewa kazi gani. Jioni akawaambia na wa nyumbani.

Karani alilia. Meneja akapiga hesabu ya kelele alizopiga.

"Kwa hiyo, mama," akauliza mwishowe, "WEWE UNASIKIA?"

"Nasikia na utakachosema kesho."

Na kesho yake alisema hicho hicho, kwa sauti ile ile: MAMA, UMEAMKAJE. Ulimi ukishazoea, hauna breki. Hata leo bado anapaza, akikumbuka anajishika mdomo, dakika mbili baadaye anarudia.

TV nayo haijakata tamaa. Kila ikiwashwa inaleta maandishi yake: Haijaunganishwa na intaneti. Unganisha sasa? Bi Subiri huacha rimoti pale pale mezani, akanyanyuka kwenda jikoni. Ameshasikia maji yanaanza.